Fundi Kufuli Aomba Kura kwa Akina Mama wa Kanisa

Katika mtaa mzima hakuna aliyejiamini kama Funguo, na kujiamini kwake kote kulikaa ndani ya kibanda chenye upana wa mlango mmoja. Usidhani natia chumvi. Kilikuwa kichochoro tu kati ya duka la vitambaa na kinyozi. Yeye akakipiga bati juu, akafunga jiliwa la kubania vyuma, akapanga tupa zake tatu na mashine ya kuchonga funguo iliyokuwa ikilia kama mbuzi mwenye mafua, kisha akatundika ubao alioandika kwa mkono wake: MAKUFULI YANGU HATA MIMI SIYAFUNGUI.

Kwa kichochoro hicho ofisi ya kata ilimtaka awe na vibali vitano. Cha biashara, cha ubao, cha bati, cha kelele za mashine, na cha tano ambacho hata karani aliyekigonga muhuri hakujua ni cha nini. Funguo alikisoma mara tatu, akagundua kuwa kilikuwa kinathibitisha kwamba anavyo vile vinne.

Siku hiyo ndiyo aliyoingia kwenye siasa.

Mwalimu mstaafu aliyekuwa akipita kibandani kupiga soga alimpa kijitabu cha chama kimoja kidogo, kidogo kiasi kwamba katika kata ile katibu alikuwa Mwalimu mwenyewe na wanachama walikuwa Mwalimu mwenyewe. Kijitabu kilisema mtu ni huru, na serikali isimguse asiyemgusa mwenzake. Funguo alisoma hadi ukurasa wa kumi na moja, akakifunga, akasema, "Mwalimu, haya yaliyobaki ningeweza kuyaandika mimi."

"Yaliyobaki ndiyo magumu," Mwalimu akasema.

"Magumu kwako. Mimi naishi na kufuli. Serikali ni nini? Ni jirani aliyejichongea ufunguo wa nyumba yako bila kukuambia. Leo anaingia kuangalia kama umezima jiko, kesho amekaa kwenye kochi lako, anauliza chakula kiko wapi."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa amesubiri miaka tisa mtu wa kumweleza falsafa ile kwa sentensi mbili, na mtu huyo alikuwa na vumbi la shaba kwenye nyusi. Papo hapo wakakubaliana kwamba Funguo agombee udiwani.

Sasa sikiliza hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyomtoa jasho. Fomu ilitaka wadhamini ishirini, wakazi wa kata, kila mmoja na sahihi yake, na irudishwe Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Kumi na mbili aliwapata bila kuhangaika katika baa ya Mama Baridi, mkabala na kanisa. Watu wa baa hawakuhitaji kuhubiriwa: ukimwambia mtu mwenye glasi mkononi kwamba serikali imwache, atakuuliza asaini wapi. Mwalimu akawa wa kumi na tatu. Wakabaki saba.

Na saba hao, kwa jinsi kata ile ilivyokuwa, walikuwa wamekaa kwenye mkoba wa mama mkwe wake.

Mama mkwe wake alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa, na watu wote, hata mchungaji, walimwita Mwenyekiti. Alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, na kila alipokohoa, kwaya nzima iliangalia kama imevaa vizuri. Akisaini yeye, wanasaini mia. Asiposaini, hata mke wa Funguo mwenyewe hasaini, na mke alishamwambia hivyo waziwazi.

"Mume wangu nakupenda," alisema huku akimnyooshea shati, "ila mama ni mama. Nenda ukamshawishi."

"Mimi nishindwe kumshawishi mama yako? Mimi niliyekushawishi wewe?"

"Mimi nilikuonea huruma."

Jumamosi saa nane mchana Funguo akaingia kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa, penye viti vya plastiki na meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Akina mama wapatao thelathini walikuwa wamemaliza kikao chao na sasa walikuwa wamekaa wakimtazama kama watu wanaotazama sahani isiyoeleweka imepikwa nini.

"Mkwe wangu ana neno," Mwenyekiti akasema. "Ana dakika kumi. Karibu, baba."

Funguo akajikaza kisabuni. Kijitabu alikuwa amekiacha nyumbani kwa makusudi. Akashika mlango wa chumba kile, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Akina mama, nawauliza. Mwenyezi Mungu ana nguvu kiasi gani?"

"Zote!" wakajibu.

"Mlango huu unaweza kumzuia?"

"Thubutu!"

"Basi mbona akitaka kuingia moyoni mwa mtu anabisha hodi?"

Mama mmoja muuza mayai akasema, "Mmh!" kwa sauti ya mtu aliyeguswa penyewe.

"Angeweza kuvunja," Funguo akaendelea, kichwa kikianza kuvimba. "Angeweza kutuma askari. Lakini anasimama nje, anangoja ufungue mwenyewe, kwa mkono wako. Kama Muumba anabisha hodi, huyu karani wa kata ni nani hata asukume mlango? Mimi nikiwa diwani kazi yangu ni moja tu: kuhakikisha kila anayekuja kwako anabisha. Usali utakavyo, umfundishe mwanao utakavyo, mchango wako umpe umtakaye. Hakuna wa kukuingilia."

Vigelegele vikalia. Mama mshonaji wa mbele akapiga paja. Funguo akajiona tayari amekaa kwenye kiti cha udiwani, kile chenye magurudumu. Angeishia hapo, angelala amevimba. Lakini Mwenyekiti alikohoa.

"Mkwe, umesema vizuri. Sasa ile baa."

"Baa, mama?"

"Ile inayopiga muziki wakati tunasali. Ukiwa diwani utaifunga?"

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Mgombea mwingine yeyote angesema ndiyo, akasainiwa na watu saba, akaondoka zake. Ana ila nyingi huyu Funguo, majivuno ya kwanza, lakini kusema uongo juu ya mlango kulimshinda.

"Hapana, mama. Sitaifunga."

"Ah!" chumba kikasema kwa pamoja.

"Aliyeingia kule ameingia kwa miguu yake. Na mkono mtakaoupa nguvu ya kufunga baa leo, mama, hamtaukata kesho. Utabaki palepale, na utatafuta kitu kingine cha kufunga. Nyie mna kesha kila mwezi. Mna vipaza sauti vinne. Mnadhani hakuna anayelalamika?"

"Nani analalamika?" mama muuza mayai akauliza, akigeuka kuangalia nyuma.

"Sitaji mtu. Nasema, kama muziki unawaudhi, nendeni mkamwambie mwenyewe. Mkabishe hodi."

"Sisi? Tubishe hodi baa?" mshonaji akashika mdomo.

Mwenyekiti akakunja mikono juu ya mkoba wake. "Tumekusikia, baba. Tutaliombea."

Katika kanisa lile, usiyejua nikujuze, neno hilo halikuwa la matumaini. Aliyeomba kuozwa binti wa watu na akaambiwa "tutaliombea" alikuwa anaaga na kwenda kutafuta kwingine. Funguo akashukuru, akatoka na fomu yake ikiwa na mistari saba mitupu.

Alirudi kibandani mnyonge, akakaa akichezea tupa. Bahati yake, au mkosi wake, akatokea mteja. Huyu alikuwa Mzee wa Mlangoni, yule anayesimama kwenye mlango wa kanisa kupokea watu. Ujanani alikuwa askari magereza kwa miaka thelathini, akastaafu, lakini magereza hayakumstaafu yeye. Mahubiri yakianza alikuwa anasukuma komeo la mlango wa kanisa, na aliyechelewa anasalia nje, na aliye ndani hata kama tumbo linamkata anasubiri amina.

"Nipe kufuli kubwa kuliko yote," akasema.

Sasa Funguo alikuwa na utaratibu wake aliouringia kama wengine wanavyoringia shahada: mnunuzi wa kufuli haulizwi anakwenda kufungia nini. Ni lake, mlango ni wake, wewe fundi yako nini? Akashusha lile kubwa, lenye uzito wa jiwe la kusagia, akalipangusa kwa shati.

"Hili, mzee wangu, wakileta msumeno msumeno unalia."

"Wewe mwenyewe huwezi kulifungua?"

"Soma ubao."

Mzee wa Mlangoni akasoma ubao, akatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akaenda zake. Na Funguo akajisikia mwanamume tena.

Jumapili ibada ilikuwa katikati. Muziki wa baa ulikuwa umeanza saa nne kama kawaida, ukisukumana na kwaya, kisha ghafla ukakatika. Watu wakatazamana. Mchungaji akasema, "Bwana asifiwe," akaendelea. Simu ya Funguo ikatetemeka mfukoni mara moja, mara tano, mara kumi. Akainama chini ya kiti kama mtu anayetafuta sarafu.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya Mama Baridi, na nyuma yake watu walikuwa wanagonga bati. "Tumefungiwa kwa nje! Watu kumi na tano ndani, mimi na mpishi wangu, na jiko linawaka! Tumezima muziki tuite watu, hakuna anayesikia!"

"Mlango wa nyuma?"

"Mlango gani wa nyuma? Si kata waliniamuru niuzibe kwa tofali, eti baa iwe na njia moja wapate kuikagua! Njoo, Fundi!"

Funguo akainuka kutoka. Safari hii komeo la kanisa halikuwa limesukumwa, wala Mzee wa Mlangoni hakuwepo mlangoni. Akausukuma mlango, akavuka barabara mbio na suti yake ya pekee. Mzee wa Mlangoni alikuwa amesimama mbele ya baa, mikono nyuma, kifua mbele, kama yuko zamu. Na kwenye tumbuu ya mlango, ile pete ya kufungia, likining'inia kwa raha zake, lilikuwa lile kufuli.

Funguo alilitambua kama mtu anavyomtambua mwanawe kwenye ugomvi wa watu.

"Mzee, ufunguo uko wapi?"

"Chooni. Zote mbili. Nimezitumbukiza mwenyewe."

"Kuna watu humo!"

"Watafunguliwa jioni, wakishatubu. Nimekaa na watu wa namna hiyo miaka thelathini, nawajua. Na wewe usijisumbue. Nimesoma ubao."

Ibada ikawa imekwisha, na watu wakaanza kumwagika barabarani wakiwa na vitabu vya nyimbo. Akina mama thelathini walikuwa mbele, wamejipanga wawili wawili, Mwenyekiti akiongoza. Funguo aliwaona, na hesabu yote ikampita kichwani. Akilifungua kufuli lile mbele ya kanisa, atakuwa mkwe aliyewafungulia walevi siku ya Bwana, na wale saba awaage. Akilifungua upesi, mtaa mzima utajua ubao wake ni porojo, na kibanda kife. Asipolifungua, kuna watu kumi na saba na jiko. Ndani mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha moshi.

"Nipeni pini za nywele," Funguo akasema. "Mbili. Haraka."

Hakuna aliyesogea. Mzee wa Mlangoni akacheka puani. "Atakayempa pini anashirikiana na baa!"

Mwenyekiti akasogea hadi mlangoni, akalishika kufuli, akalipima uzito mkononi.

"Nani ameweka hili?"

"Mimi, Mwenyekiti," Mzee wa Mlangoni akasema kwa fahari. "Mlitaka ifungwe. Nimeifunga."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni moyo tu."

"Sisi tumeomba tangu jana jioni," Mwenyekiti akasema polepole, na sauti yake kila ilivyoshuka ndivyo watu walivyorudi nyuma. "Tumeomba, tukajadili, tukakubaliana tuje leo tubishe hodi. Nyimbo tatu tumezifanyia mazoezi. Nimevaa viatu hivi vinavyonibana kwa ajili ya hodi hii. Sasa niambie, mzee wangu, mlango ambao umefungwa kwa nje, nabisha ili nani afungue?"

Mzee wa Mlangoni akasogea kando ya mlango.

Mwenyekiti akaingiza mkono chini ya kilemba chake, akachomoa pini mbili, akampa mkwe wake. "Fungua, baba."

Funguo akapiga magoti. Kwanza alidhamiria achelewe kidogo, atoe jasho, agune, heshima ya ubao ipone. Lakini mle ndani wakakohoa tena, wawili sasa, na mikono yake ikafanya inachojua bila kumwomba ruhusa. Pini moja chini ya kukaza, nyingine juu ya kupapasa. Kinyozi jirani yake alikuwa anahesabu kwa sauti. Alifika saba, kufuli likasema *tak*.

"Saba!" kinyozi akapiga kelele. "Na mimi nimefunga duka langu kwa ndugu yake hilo kufuli!"

Mlango ukasukumwa, moshi ukatoka, na nyuma yake Mama Baridi akiwa na taulo usoni. Alipoona pini mikononi mwa Funguo akataka kumkumbatia. Kisha akaliona kufuli.

"Hili si lako?"

"Ni langu. Yaani, nililiuza."

"Ukamuuzia huyu? Hukumuuliza anakwenda kufungia nini?"

"Mama Baridi, mimi kwa itikadi yangu mteja simuulizi..."

"Itikadi yako imenipikia mapafu! Fomu iko wapi? Ilete hapa." Akaitoa mwenyewe mfukoni mwa suti, akaomba kalamu, akapiga mstari juu ya jina lake, mstari mnene. Wanaume kumi na mmoja wakajipanga nyuma yake wakikohoa, na kila mmoja akapiga wake. Walipomaliza, fomu ile ilifanana na kichana. Alibaki Mwalimu peke yake, chini kabisa.

Funguo alikaa kwenye ngazi ya baa. Huko nyuma alisikia mama mkwe wake akigonga ubao wa mlango uliokuwa wazi. Mara tatu, taratibu.

"Hodi."

Mama Baridi akageuka. Akamtazama mama yule mfupi, na thelathini nyuma yake, na ule mlango ambao kama si pini za kilemba ungekuwa bado umefungwa.

"Karibuni," akasema. Angesema nini?

Wakaingia, na Funguo akaingia nyuma yao, akakaa pembeni. Moto ulikuwa umezimwa, mlango umeachwa wazi moshi utoke. Waliimba nyimbo zao tatu, na walevi, kwa adabu ya watu waliookolewa na waimbaji, wakakaa wima hadi mwisho, mmoja akaitikia sauti ya nne vizuri kuliko kwaya. Kisha Mwenyekiti akaagiza soda, akaeleza habari ya muziki. Mama Baridi akasema hakujua kama unasikika hadi madhabahuni, hakuna aliyewahi kumwambia, walikuwa wanaiandikia kata barua tu. Akasema Jumapili muziki utaanza saa sita. Wakapeana mikono. Mambo yaliyoandikiwa barua miaka minne yakaisha soda ikiwa bado ina mapovu.

"Kumbe inawezekana," mama muuza mayai akasema.

"Ndiyo sera ya chama chetu!" Mwalimu akasema, aliyekuwa amefika akihema. "Ndiyo hiyo hiyo! Mgombea wetu alisema..."

"Mgombea wenu si huyu," Mama Baridi akasema akimwonyesha Funguo kwa kidole. "Huyu anahubiri mlango wazi na anauza makufuli kwa askari jela. Mimi nitamsainia yule." Na kidole kikahamia kwa Mwenyekiti.

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na watu wakaanza kutazamana.

"Mimi?" Mwenyekiti akasema. "Mimi siasa siijui."

"Kazi yenyewe ni kuwaambia watu wa kata waache watu," mshonaji akasema. "Nani akiambiwa 'acha' na wewe haachi?"

Mwalimu, mwenye miaka tisa ya kungoja, akatoa taratibu kutoka ndani ya koti fomu ya pili. Fomu ya akiba. Akaiweka mezani, akamtazama Funguo, na macho yake yalikuwa yanaomba msamaha na kuomba kalamu kwa wakati mmoja.

Funguo alitazama mstari wa juu wa fomu ile, uliokuwa mtupu, mahali pa sahihi yake aliyoifanyia mazoezi kwa wiki nzima, yenye mkia unaozunguka mara mbili. Alitaka kusema kwamba wazo ni lake. Na lilikuwa lake. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa anasema maneno yake, wengine kwa makosa, wengine vizuri kumzidi. Mke wake alikuja akakaa karibu naye, akamwegemea bega.

"Ulimshawishi, mume wangu," akamnong'oneza. "Umemshawishi hadi amekupita."

"Mkwe," Mwenyekiti akasema kutoka mezani. "Kwa kanuni yako mimi siwezi kukuondoa kwenye nafasi yako. Ukisema hapana, nafunga mkoba wangu naenda nyumbani. Kwa hiyo nauliza. Hodi?"

Baa nzima na kanisa zima vikamgeukia. Funguo akatoa pumzi ndefu, akasimama, akapangusa magoti ya suti.

"Karibu, mama," akasema. "Lakini mdhamini wa kwanza ni mimi. Wengine wote mkae nyuma yangu kwenye foleni."

Akaweka sahihi yake, na ule mkia wa mizunguko miwili ukaingia hadi mstari wa jirani. Mama Baridi aliyefuata ilibidi abanane pembeni, naye akamwita mvamizi.

Jumatatu saa nne asubuhi walikuwa kwenye ofisi ya uchaguzi, Mwenyekiti mbele, Mwalimu katikati, Funguo nyuma amebeba mkoba wa mama mkwe wake. Karani akahesabu sahihi ishirini, akagonga muhuri, akainua macho.

"Na huyu mwenye mkoba?"

"Huyo ndiye fundi wa maneno," Mwenyekiti akasema. "Mimi nafanya, yeye anaeleza."

Funguo akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa, akamwinamia karani. "Kijana, wewe mlango wa nyumbani kwako unatumia kufuli gani?"